Kipande Tu: Mwongozo Kamili wa Sheria ya Silaha kwa Mafundi wa Chuma wa Malindi na Lamu

Mzee alikuja saa nne asubuhi, maji yamekupwa na mashua zimelala ubavu mchangani. Saa hizo karakana yetu ya Malindi hujaa watu wenye rafadha zilizopinda na shafti zilizoliwa na chumvi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi kwenye benchi la wateja na kufungua gazeti alilokuwa amelikunja kwapani. Ndani mlikuwa na chuma chenye kutu, urefu wake kama kidole, kina kijino kilichokatika.

"Mwanangu, nitengezee kijino hiki. Kazi ya nusu saa."

Nikamuuliza kinaingia wapi. Akacheka. "Usiogope, si bunduki. Ni kipande tu."

Kilikuwa ni mtambo wa gobori la babu yake, alilolirithi kwao Siyu. Sikukishika. Nilimweleza kwa nini, na maelezo hayo yalichukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Tangu siku hiyo nimeulizwa mambo yale yale na wachomeleaji, wakerezaji, mafundi wa injini za boti, hata kijana mmoja wa printa za plastiki, zile za 3D zinazochapa vitu vizima. Ndiyo maana nimeyaweka pamoja hapa. Mimi ni fundi, si wakili. Kama tayari una kesi, funga ukurasa huu umtafute wakili kabla hujasema neno. Kama huna, soma ili usiipate.

Hatua ya kwanza: jua sheria inaita nini silaha

Sheria yenyewe ni Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya. Ilitungwa 1953, nchi ikiwa katika Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Wakati huo wapiganaji wa Mau Mau walikuwa wakiunda bunduki msituni kwa bomba la maji, komeo la mlango na ukanda wa mpira. Ukilikumbuka hilo, hutashangaa kwamba hapa kwetu bomba na komeo vikikutwa pamoja mahali pasipostahili, polisi hawachukulii kuwa ni mchezo.

Wengi wetu tunadhani silaha ni kitu kizima chenye mtutu, kitako na kifyatulio. Sheria haisemi hivyo. Silaha ya moto ni chombo chochote chenye mtutu kinachoweza kurusha risasi, marisau au kitu kingine na kuua. Ni silaha pia kile kinachoweza kugeuzwa kikafanya kazi hiyo. Halafu maana hiyo inapanuka ikafika kwenye vipande: mtutu peke yake, bolti, chemba, sehemu za lazima za silaha. Vivyo hivyo na kifaa kilichotengenezwa kupunguza mlio au mwali wa silaha inapofyatuliwa. Kwa hiyo bomba ulilokereza liwe mtutu, hata kama halijaunganishwa na chochote, mbele ya sheria tayari ni silaha. Kizuia sauti ulichokitengeneza kwa chujio la mafuta ya gari nacho ni hivyo hivyo.

Hapa ndipo vijana wetu wanapojikwaa, kwa sababu wanatazama video za Marekani. Kule, chini ya sheria ya shirikisho ya 1968, kinachohesabiwa kuwa bunduki ni ile fremu au risiva, yaani kiunzi kinachobeba mitambo ya bunduki, yenye namba ya utambulisho. Mtutu, kitako na kifyatulio cha kawaida huuzwa dukani kama pampu ya baiskeli. Sheria ya shirikisho inamruhusu hata raia asiyezuiliwa kumiliki bunduki kujiundia yake mwenyewe bila leseni, ingawa majimbo kadhaa yameweka masharti yao. Anayefanya ufundi wa bunduki kama biashara ndiye anayehitaji leseni ya shirikisho kutoka idara iitwayo ATF.

Na hata huko si shwari. Mwaka 2016 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilitoa mwongozo uliowashtua mafundi wadogo. Baadhi ya kazi za kukereza na kubadilisha bunduki zilihesabiwa kuwa utengenezaji, na mtengenezaji alitakiwa kujisajili kwa ada ya dola 2,250 kwa mwaka, hata kama hajawahi kuuza msumari nje ya nchi. Bunduki nyingi za kiraia zilihamishiwa Wizara ya Biashara Machi 2020, na mzigo huo ukawapungukia. Mwaka 2022 ikaja kanuni ya kubana vifurushi vya vipande vya kujiundia bunduki nyumbani, na Mahakama ya Juu yao ikaiunga mkono Machi 2025.

Nimeyataja hayo kwa sababu moja. Yule bwana kwenye video anayekereza mtutu gerejini kwake Texas yuko chini ya sheria nyingine kabisa. Kazi anayoifanya huku anakunywa kahawa, wewe ukiifanya Shela au Maweni unalala rumande.

Hatua ya pili: tazama vitendo, si vitu peke yake

Fundi huulizwa na sheria maswali mawili, na ni rahisi kufaulu moja ukaanguka kwenye jingine.

Swali la kwanza ni la biashara. Kutengeneza silaha, kuuza, kuhamisha, kurekebisha, kuijaribu, au kukaa nayo kwa ajili ya kazi hizo kama biashara, ni kwa mfanyabiashara wa silaha aliyesajiliwa tu. Tazama neno kurekebisha limekaa sawasawa na kutengeneza. Wengi wanajitetea, "Mimi sikuunda, nilichomelea tu palipovunjika." Utetezi huo hauna pa kushika. Leseni yako ya biashara kutoka Kaunti ya Kilifi au ya Lamu, ile unayoibandika ukutani karibu na kalenda, inakuruhusu kuchomelea mageti. Haigusi silaha hata kidogo.

Swali la pili ni la kukaa nayo. Sema hukulipwa, ulimfanyia jirani kwa hisani. Vizuri, biashara haipo. Lakini kile chuma kilikaa wapi tangu Jumatatu hadi Alhamisi? Kilikaa kwenye droo yako, na wewe huna cheti cha kumiliki silaha. Kukaa na silaha bila cheti ni kosa linalosimama peke yake, hata kama hukuitia tupa. Kifungo chake huhesabiwa kwa miaka. Tena ikionekana kwamba mazingira uliyokutwa nayo yanatishia usalama wa umma, kuna kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho kinakwenda miaka saba hadi kumi na mitano. Kwa kijino cha nusu saa.

Ziko pia silaha ambazo hata mfanyabiashara aliyesajiliwa hawezi kuzigusa kwa usajili wake wa kawaida: zile zinazoendelea kupiga maadamu kidole kimeshika kifyatulio, na zile za kurusha gesi au maji ya sumu. Kuifanya bunduki ya risasi moja moja ipige mfululizo ni kuingia humo. Mteja akianza mazungumzo hayo, hata kwa utani, kikao kimekwisha.

Printa ya plastiki haibadilishi chochote. Sheria haikutaja chuma.

Hatua ya tatu: panga kaunta yako

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, kwa sababu kesi nyingi huanzia kaunta, si kwenye mashine.

Anza na daftari. Kila kazi ya kukereza au kutoboa bomba, andika tarehe, jina la mteja, simu, kitu gani, vipimo, na kinakwenda kufungwa wapi: boti gani, pampu gani, gari gani. Mwanzoni wateja wangu walinung'unika. "Kwani hapa ni Huduma Centre?" Sasa wamezoea, na daftari lenyewe limenisaidia kwa mambo ya kawaida pia. Mtu akirudi kudai bushi niliyomkerezea haikai, natazama vipimo alivyoniletea mwenyewe.

Pili, weka kanuni ya kitu kizima. Hukerezi kipande usichokijua kazi yake. Mtu akileta mchoro wa bomba zito lenye tundu jembamba, mwisho mmoja lina hatua ya upana tofauti, na hataki kusema linaingia wapi, usikisie. Mwambie alete kile kitu linamofungwa, au akupeleke ukakione. Mwenye pampu ya maji atakuleta kisimani kwake kwa furaha. Mwenye jambo lingine atakumbuka ghafla kwamba ana safari.

Tatu, kataa bila kumuaibisha mtu. Watu wetu ni wa heshima, na mzee hawezi kuambiwa na kijana mbele ya watu kwamba ameleta silaha. Mimi husema hivi: "Mzee wangu, kazi hii ina leseni yake, na mimi sinayo. Nikiigusa, mimi na wewe tutaandikwa kwenye karatasi moja." Maneno hayo hayamtuhumu, na yanamwonyesha kwamba hatari ni yake pia. Usiseme "niachie nitazame". Ukisema hivyo na akaondoka, umeshaingia swali la pili, lile la kukaa nayo.

Sasa, je, akikuachia kwa nguvu? Au ukikuta asubuhi mtu amekisukuma chini ya mlango? Usikitupe baharini, nimesikia watu wakishauri hivyo. Usikibebe mfukoni kwenda kituoni pia, kwa sababu ukisimamishwa njiani wewe ndiwe uliyekutwa nacho. Kiache kilipo, waite watu wawili wakione, piga simu kituo cha polisi au mwite chifu, na wakija kukichukua hakikisha jambo limeandikwa kwenye kitabu cha matukio cha polisi, kiitwacho OB. Dai namba ya OB. Iandike kwenye daftari lako, piga picha ukurasa. Namba ya OB ndiyo itakayosema kwa niaba yako mwaka mmoja baadaye, wakati askari aliyekuja siku ile amehamishiwa Turkana.

Na kama kilichoachwa ni risasi, bomu la mkono au kitu usichokijua, usikisogeze hata kwa ufagio. Ondoa watu kwanza, simu baadaye.

Nikiwa hapo, neno kwa wanaonunua vyuma chakavu. Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inataka leseni na kumbukumbu za kila ununuzi, na biashara hiyo ilipigwa marufuku nchi nzima Januari 2022 kwa sababu ya wizi wa vyuma vya umma, ikafunguliwa tena miezi michache baadaye. Watoto huokota maganda ya risasi wakayaleta kama shaba. Shaba ni nzuri, najua, inayeyuka vizuri kwa kazi ya vitasa. Usiyanunue. Huwezi kumweleza mpelelezi kwamba kilo mbili za maganda ulizichukua kwa kupenda vitasa.

Hatua ya nne: vitu vinavyokaribia kuwa bunduki

Mwambao una vitu ambavyo mwenzetu wa Nyeri hatavikuta karakanani kwake.

Kwanza ni bunduki ya samaki. Wavuvi wetu huiita bunduki bila wasiwasi: ubao, mpira, chuma cha kuchomea. Haina baruti. Lakini usidhani uko salama kwa kuwa si ya Sura ya 114. Bunduki za samaki zilipigwa marufuku pamoja na nyavu za kukokota kwa tangazo la gazeti la serikali la Novemba 2001, na uvuvi kwa sasa unasimamiwa na sheria ya 2016. Ni kweli utaziona baharini kila siku ya Mungu, na ni kweli wanaozitumia mara nyingi ni vijana wasio na mashua. Nawahurumia. Lakini ukiwa mtengenezaji, wewe ndiwe chanzo, nao maafisa wa uvuvi na wenzao wa kamati ya ufuo wanakijua chanzo kwa jina. Mimi nimeacha. Badala yake natengeneza madema ya waya na vyuma vya nanga.

Pili, bunduki bandia. Kila kitu chenye sura ya silaha, kiwe kinaweza kurusha au hakiwezi, sheria inakiita silaha bandia, na anayekitumia kutishia au kufanya uhalifu hushtakiwa chini ya Sura hiyo hiyo ya 114. Wenye michezo ya kuigiza na wapiga filamu huja Lamu na Malindi kwa sababu ya mandhari, wakaagiza "bunduki ya mbao tu, ipakwe rangi". Kama utaikubali kazi hiyo, taka barua ya kampuni, ibaki kwenye daftari, na hakikisha polisi wa eneo wamejulishwa kabla ya upigaji. Bomba halisi la chuma ndani ya ile mbao, usitie. Mbao ibaki mbao. Lamu imeishi na ulinzi mkali tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, na askari aliye zamu usiku kwenye gati hana muda wa kukuuliza kama ni filamu.

Tatu, na hapa narudi kwa mzee wangu, ni magobori ya urithi.

Nyumba za kale za Lamu, Pate, Siyu na Faza zina vyuma vya zamani: majambia, panga, magobori, mizinga midogo ya mashua. Siyu ilijulikana kwa mafundi wake wa majambia na ngozi muda mrefu kabla sijazaliwa mimi wala babu yangu. Gobori la aina hiyo linasimama chini ya sheria mbili kwa wakati mmoja, na ndiyo maana limewachanganya wengi.

Upande mmoja lina mtutu. Usijihukumie mwenyewe kwamba ni pambo kwa kuwa limening'inia ukutani tangu enzi za bibi. Upande wa pili kuna Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006. Humo kitu cha kuhamishika kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 ni kitu cha kale. Hakitolewi nje ya nchi bila kibali, na kukifanyia biashara kunataka leseni. Kwa hiyo yule mtalii anayetaka kukununulia gobori kwa euro taslimu anakutia kwenye makosa mawili kwa mkono mmoja.

Na fundi je? Ukilichukua gobori la 1870 ukaling'arisha kwa msasa, ukakata kijino kipya, ukabadilisha parafujo, umeliharibu kwa wanahistoria na umelirekebisha kwa polisi. Hasara pande zote.

Njia iliyo sawa ni hii. Mwenye nalo aandike barua fupi: nani alilirithisha, limekaa nyumba gani, tangu lini, na picha mbili tatu. Barua moja kwa mkuu wa kituo cha polisi cha karibu, nyingine kwa Makumbusho ya Taifa. Huku kwetu wana ofisi Malindi, na Lamu wanasimamia makumbusho na ile ngome. Asilibebe. Awaombe waje, au wamwelekeze kwa maandishi namna ya kulifikisha. Kama jibu ni kwamba lazima lisajiliwe, lisajiliwe. Kama ni kwamba makumbusho yanalitaka, mzungumze masharti ya jina la familia kuandikwa kwenye kibao. Hakuna mzee niliyemwambia habari ya kibao akabaki amekunja uso.

Baruti nayo ina sheria yake, Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115. Fundi wa fataki za harusi na mchimba mawe wote wako humo. Sitaingia zaidi, kwa sababu fundi wa chuma hana haja ya kuwa na baruti hata kijiko.

Hatua ya tano: mwenye cheti ambaye silaha yake imeharibika

Wako watu wenye silaha kihalali: wenye mashamba, wafanyabiashara, wachache waliorithi bunduki za marisau kutoka enzi za uwindaji. Uwindaji wenyewe ulipigwa marufuku Kenya 1977, kwa hiyo siku hizi "nawinda" si sababu ya kupewa cheti. Wenye silaha wote walitakiwa kuhakikiwa upya kuanzia Desemba 2018, na waliofaulu wakapewa kadi za kisasa. Cheti kinataja silaha yako kwa aina na namba yake. Huo ndio ufunguo wa hatua hii: chochote kinachoifanya silaha isilingane na karatasi ni hatari kwako.

Kwa hiyo silaha ikikwama, usimlete fundi wa mtaa, hata awe shemeji yako. Hakikisha cheti hakijaisha muda. Mpigie mfanyabiashara wa silaha aliyesajiliwa, akuthibitishie kwamba anapokea kazi ya aina hiyo. Halafu mjulishe ofisa wa leseni kwenye kituo chako kwamba unasafirisha silaha kwa matengenezo, siku fulani, njia fulani. Silaha isafiri bila risasi ndani, risasi zikae mbali nayo, cheti kiwe mkononi. Fundi wa kweli atadai kukiona cheti kabla ya kuigusa. Asipodai, ondoka nayo.

Kwa anayetoka Lamu hili ni zito zaidi. Kati ya Mokowe, Witu na Gamba kuna vizuizi vya usalama na mizigo hukaguliwa. Usingojee askari aigundue. Ukifika kizuizini, itangaze mwenyewe kwa mdomo, mikono ikiwa inaonekana, kabla mkoba haujafunguliwa.

Na mwenye cheti akifariki? Cheti hakirithiwi pamoja na nyumba. Familia iipeleke taarifa polisi mapema, siku za matanga zikiisha, silaha ihifadhiwe kituoni kwa namba ya OB, na mrithi anayeitaka aombe cheti chake mwenyewe. Nimewaona wajane wakikaa na bunduki uvunguni miaka kumi kwa kuogopa kuulizwa. Hofu hiyo huzaa swali gumu zaidi kila mwaka unaopita.

Hatua ya sita: ukitaka kuwa fundi wa bunduki kihalali

Kijana akiniuliza, humwambia ukweli: njia ipo, ni nyembamba na ni ya gharama. Anayetoa usajili ni Bodi ya Leseni za Silaha, iliyoanzishwa na marekebisho ya sheria za usalama ya 2014. Anza na cheti cha mwenendo mwema kutoka DCI, idara ya upelelezi ya polisi. Usajili hufungwa na mtu na jengo lake, kwa hiyo kibanda cha mabati ufuoni hakifai. Tegemea kuulizwa kuhusu kuta, makufuli, sanduku la chuma lililofungwa sakafuni na nani ana ufunguo. Kisha ni daftari tena, mara hii kwa amri ya sheria: kila silaha iliyoingia, iliyotoka, ya nani, cheti namba gani. Polisi wanaweza kuja kulikagua.

Lipo pia suala la alama. Kenya ni mwanachama wa Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo ndogo, iliyotiwa saini Aprili 2004, inayozitaka nchi ziweke alama kwenye silaha na kutunza kumbukumbu ili kila moja ifuatiliwe ilikotoka. Kwa fundi, maana yake ni moja: usifute, usiguse, usichomelee juu ya namba. Namba iliyofutwa huifanya silaha kuwa yatima, na silaha yatima huishia motoni. Novemba 2016 serikali ilichoma silaha 5,250 kule Ngong kwa siku moja.

Kutengeneza silaha mpya, sahau. Kazi hiyo nchini ni ya serikali. Risasi zina kiwanda chao Eldoret, na kile cha bunduki kilifunguliwa Ruiru Aprili 2021. Kijana mwenye mkono mzuri wa lethi na hamu hiyo, humshauri aombe kazi huko.

Hatua ya saba: vifurushi kutoka ng'ambo

Hii ni fupi lakini imewaponza watu. Jamaa aliye Ohio, Marekani, anaweza kununua mtutu dukani bila kuulizwa, akadhani kuutuma Malindi ni sawa na kutuma viatu. Kwao, kutoa vipande vya bunduki nje ya nchi kunasimamiwa na Wizara ya Biashara na kwa kawaida kunahitaji leseni. Kwetu, kuviingiza kunahitaji kibali kabla havijafika. Forodha ya Mombasa haijali kwamba kwenye boksi pameandikwa "vipuri vya mashine". Na jina lililo kwenye boksi ni lako.

Hatua ya nane: polisi wakija karakanani

Usikimbie, hata kama huna hatia. Wape majina, waonyeshe leseni ya kaunti, waonyeshe daftari. Waulize kwa adabu wanatafuta nini na kama wana hati ya upekuzi. Wakichukua kitu, taka kiandikwe na usome kabla ya kutia saini. Usitie saini karatasi yenye mistari mitupu.

Ukikamatwa, Katiba ya 2010, ibara ya 49, inakupa haki ya kuambiwa sababu kwa lugha unayoielewa, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata kama saa hizo zimeangukia wikendi. Mwanafunzi wako wa kazi naye ana haki hizo hizo, mfundishe kabla. Mara nyingi ni yeye aliyekuwa karakanani peke yake, na ni yeye atakayesema "tajiri wangu alisema niikereze" kwa kudhani anakuokoa.

Yule mzee aliandika barua zake mbili. Nilimsaidia kuzichapa, yeye akaongeza kwa mkono majina ya watu watano wa ukoo waliolikuta gobori nyumbani. Alirudi baada ya mwezi na kitu, saa zile zile za maji kukupwa, na gazeti lingine kwapani. Nilitazama gazeti kabla ya kumwamkia. Akaliona jicho langu, akacheka, akalifungua polepole mbele ya watu wote. Ilikuwa rafadha ya mashua ya mjukuu wake, panga moja limepinda. Nikaandika kwenye daftari: jina, simu, mashua, tarehe. Akasubiri hadi nikamaliza kuandika, ndipo akaniuliza bei.